Mpira, soka na shupaza: jina la mchezo hutoka wapi?

Jioni moja pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, kijana mmoja alishikilia kwamba "soka" ni neno la Wamarekani, watu wasioujua mpira, na kwamba watangazaji wetu wanaolitumia wanaiga wasichokijua. Mzee aliyekaa naye barzani, karata mkononi, alimjibu bila ya kuinua macho: "Mwanangu, hilo ni la Waingereza. Cheza, turufu shupaza." Watu wakacheka, kahawa ikazunguka, maneno yakahamia kwengine. Mimi nilirudi nayo nyumbani, maana katika jibu lile fupi mzee alisema kweli mara mbili, na ya pili sidhani kama mwenyewe aliikusudia.

Kwanza hiyo soka. Kabla ya 1863, Uingereza haikuwa na football moja. Kila skuli kubwa ilikuwa na yake. Hii inaruhusu kuushika mpira na kukimbia nao, ile inakataza. Mwaka huo baadhi ya klabu zikakutana London, zikaunda Football Association na kuandika sheria za pamoja. Waliotaka kuushika mpira wakajitoa, na 1871 wakaunda chama chao cha ragbi. Zikawa football mbili: ya chama na ya ragbi. Wanafunzi wa Oxford wa zama hizo walipenda kuyakata maneno na kuyatia "er" mwishoni. Ragbi wakaiita "rugger", na katika neno "association" wakachomoa "soc" iliyomo katikati, wakapata "soccer". Waingereza walilitumia neno hilo bila ya kuona haya kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Kulikataa ni jambo lililokuja baadaye, walipoanza kuliona kuwa ni la Wamarekani. Na FIFA yenyewe, iliyoundwa Paris mwaka 1904, herufi yake ya mwisho inasimama badala ya Association, lile lile neno lililoizaa soka. Mwenye kuicheka soka, basi na FIFA aicheke.

Hivyo kwa nini Marekani imeng'ang'ania soka? Kwa sababu kiti cha "football" kilikuwa kimeshakaliwa. Vyuo vyao vilichukua mchezo wa jamaa ya ragbi katika miaka ya 1870, vikaubadilisha mpaka ukawa wao, na nchi nzima ikaupenda. Shirikisho lao la mpira liliundwa 1913 likiwa na neno Football katika jina. Mwaka 1945 likaongeza Soccer, yakakaa yote mawili. Mwaka 1974 Football ikaondolewa. Miaka 61 walikuwa wakigombania kiti, mwisho wakakiacha. Australia ilikwenda kinyume: 2005 shirikisho lao lilitupa Soccer na kuchukua Football, ingawa timu ya taifa bado inaitwa Socceroos, na mtu wa Melbourne ukimwambia football anakufahamu mchezo mwengine kabisa, ule wenye sheria zilizoandikwa mjini kwao 1859. Ireland nako ipo football ya Kigaeli, inayochezwa kwa mikono na miguu.

Hapo ndipo ninapopaona kiini cha suala lote. Katika kila nchi, mchezo unaopendwa zaidi hupewa jina fupi, na mingine hubebeshwa mkia. Angalia kwetu. Ukisema "leo kuna mpira Amaan", hakuna atakayekuuliza mpira gani. Lakini neno lenyewe ni la utomvu wa mti. Mpira ni wa kumwagilia maji bustanini, mpira ni wa gurudumu la baiskeli. Mchezo umelichukua neno pana kama hilo ukalifanya lake, na ndugu zake wote wakalazimika kujieleza: mpira wa kikapu, wa wavu, wa pete, wa mikono, wa magongo. "Wa miguu" tunaiandika kwenye barua za shirikisho tu. Waarabu nao wana kurat al-qadam, mpira wa mguu vile vile, na Wafini jalkapallo, maana ni hiyo hiyo. Kwetu na kwao kiti kilikuwa kitupu, mchezo ukakaa bila ya ugomvi.

Sasa shupaza. Chukua karata uzitandaze mkekani: shupaza, kopa, uru, pau. Kwa Kireno ni espadas, copas, ouros, paus. Turufu ni trunfo. Wareno walipoteza ngome yao ya Mombasa mwaka 1698. Imepita zaidi ya miaka 300, wamekuja Waomani, wamekuja Waingereza, yamekuja Mapinduzi, na mzee wa Jaws Corner bado anampa mwenziwe amri kwa Kireno bila ya kujua, naye anamfahamu vizuri. Hakuna aliyewahi kukaa kikao kuyahifadhi maneno haya. Jina la mchezo hung'ang'ania mkono wa aliyeuleta, hata akishasahauliwa yeye mwenyewe. Vivyo hivyo goli, refa, kona na penalti zinatwambia nani alikuja na gozi. Lakini akifunga mtu, tunasema kafunga bao, na bao lilikuwepo barzani, na kete zake na mashimo yake, kabla hilo gozi halijashuka kwenye meli.

Wapo wanaotaka jina moja, na hoja yao si ya kudharau. Mchezo una sheria 17 zile zile, Chake Chake na Chicago. Kwa nini usiwe na jina lile lile? Majina yakigongana, watu hupotezana. Mkanada akikwambia hockey anakusudia ya kwenye barafu. Huku kwetu ni magongo uwanjani. Wanawake wa Australia waliuita mpira wa pete "mpira wa kikapu wa wanawake" mpaka 1970, ilhali wanawake waliocheza kikapu chenyewe nao walikuwepo. Ilibidi jina libadilishwe, na ilikuwa haki libadilishwe.

Ndani ya lugha yetu pia hoja hii ina wenyewe. Nilipokuwa skuli niliandika "golikipa" kwenye insha, mwalimu akaikata kwa wino mwekundu na juu yake akaandika "mlinda mlango". Niliona nimeonewa. Leo namfahamu zaidi: alitaka tuwe na neno linalojieleza lenyewe, ambalo mtoto asiyejua Kiingereza atalifungua na kukuta maana ndani yake. Kunipa neno la pili alifanya vyema, na namshukuru. Kosa ni ule mstari mwekundu juu ya la kwanza. Kuotea na ofsaidi, mwamuzi na refa, mpira wa miguu na kandanda na kabumbu na soka: mtangazaji anayezungumza dakika 90 anayahitaji yote, asije akatuchosha masikio. Katiba ya klabu, kanuni za ligi, fomu ya usajili, hapo sawa, lichaguliwe moja lifuatwe mpaka mwisho wa waraka. Nje ya hapo sioni faida ya kulazimisha.

Na kulazimisha kumeshajaribiwa. Klabu ya Genoa ya Italia iliundwa 1893 na Waingereza, ikachukua jina la mji kwa matamshi ya wageni. Mwaka 1928, chini ya utawala wa Mussolini, iliamrishwa kujiita Genova, kwa Kitaliano safi. Vita vilipokwisha, 1945, ikarudia Genoa yake. Lakini Wataliano hao hao mchezo wenyewe wanauita calcio, neno lao la teke na la mchezo wa kale wa Florence, na shirikisho lao lilikuwa limelichukua tangu 1909, kabla ya Mussolini kushika madaraka. Neno walilolipenda wamebaki nalo. Walilosukumiwa walilitua mara tu walipopata nafasi.

Kinachonizuia kabisa nisikubaliane na watu wa jina moja, hata hivyo, nilikiona Pemba. Kule upo mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huuhusisha na Wareno wale wale wa karata. Ng'ombe dume hufungwa kamba, vijana humchezea kwa nguo na kumkwepa, zumari inalia, kina mama wanaimba. Hauawi. Waingereza kwa mchezo wa namna hii wana jina moja tu, bullfight, na ndani yake mna "kupigana". Wahispania huuita wao corrida, neno la mbio, nao ng'ombe wao hufa. Wapemba wamesema mchezo, na wamekusudia mchezo. Ukiutafsiri kwenye bango la watalii kuwa ni mapigano, umemwahidi mgeni damu, na yeye atakaa akiingojea.

Siku niliyokuwepo mimi, mgeni mmoja alikuwa karibu yangu, kamera shingoni. Ng'ombe alipofunguliwa na kuanza kuondoshwa, aliuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza: "Nani ameshinda?"

Bibi mmoja aliyekuwa anajifunga kanga vizuri tayari kwa kuondoka alimtazama kwa huruma. "Kushinda nini, mwanangu? Ng'ombe keshacheza, anarudi kwao."