Shangazi na Mabati ya Msauzi

Binamu yangu anachora. Tovuti yake imejaa michoro ya kishabiki: makipa wa Simba na Yanga, mashujaa wa katuni za Kijapani, mmoja wao kavishwa kanzu na balaghashia. Mimi ni fundi wake wa matangazo.

Kampuni ya matangazo, ile inayolipa tovuti kwa kubandika matangazo ya watu, ilitukataa mwanzoni, kama inavyowakataa wachoraji wengi. Roboti yake husoma maandishi, kwa hiyo ukurasa wa picha peke yake huuhesabu mtupu. Kila mchoro ukaandikiwa maneno kama 300: penseli gani (HB ya kuanzia, 2B ya kivuli, 6B ya nywele), karatasi ya gramu ngapi, vidole huharibikia wapi. Picha zikashushwa hadi upana wa pikseli 1200, muundo wa WebP, chini ya kilobaiti 150, maana mtu wa bando la kuunga hasubiri. Kurasa zenye nembo za klabu hatukuziwekea tangazo. Mwenye nembo anaweza kuvumilia shabiki, ila shabiki anayeingiza hela hapo ni kesi nyingine.

Tukakubaliwa. Binamu akaiweka tovuti kwenye grupu la ukoo, na hapo ndipo Shangazi alipoingia.

Shangazi ni mweka hazina wa kikoba. Mchango hauwezi kupita bila yeye kuusimamia. Akatuma sauti: "Wanangu, kila mmoja abonyeze tangazo mara kumi kabla ya kulala. Asiyebonyeza, pilau langu la Idi asilisogelee."

Kwa kawaida kurasa 100 zikifunguliwa, bonyezo ni moja au mbili. Usiku ule mabonyezo yalizidi kurasa zenyewe, na karibu yote yalitoka kwenye Wi-Fi moja, ya sebuleni kwa Shangazi. Kampuni huona anwani ya IP (namba inayotambulisha mtandao unaotumia), aina ya simu, na muda ambao mtu amekaa kule tangazo lilikompeleka. Sekunde mbili si mteja. Mwenye tangazo ndiye anayelipia kila bonyezo, na likigundulika ni la uongo anarudishiwa chake.

Kumbe Shangazi alikuwa anabonyeza mabati tu. Matangazo hufuata nyayo za mtu, kwa hiyo tangu hapo kila ukurasa aliofungua ulimletea mabati: juu ya kipa, chini ya kipa. Akanipigia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hivi mbona hamkuniambia mnauza mabati?"

"Hatuuzi, Shangazi. Wewe ndiye unayeonyeshwa mabati. Mimi nikifungua hapohapo naona chakula cha kuku."

"Ahaa! Na chakula cha kuku mnacho?"

Kampuni ikatubana: matangazo yakapunguzwa karibu yote yaishe, na mwisho wa mwezi mabonyezo ya ukoo yakakatwa kwenye mapato. Dawa yake inajulikana. Toa kumbukumbu za seva (orodha ya walioifungua tovuti), tafuta IP iliyorudiarudia, ijaze kwenye fomu ya kuripoti mabonyezo batili, kisha izuie isione tangazo kabisa. Grupu likapewa amri mpya: soma, sambaza, tangazo usiguse. Shangazi alinuna, maana lile bati la rangi ya maruni alikuwa amelipenda kweli.

Kizuizi kilipoondolewa, salio lilikuwa dola 3, na malipo hayatoki mpaka zifike 100.

Jumamosi mama mmoja wa kikoba akabisha hodi na kijikaratasi: bati 64 za msauzi, geji 28, futi kumi. Binamu alieleza mpaka koo likamkauka. Mwisho akachukua penseli, akamchorea nyumba nzima na paa lake, kivuli cha 2B chini ya kenchi. Mama akaugeuzageuza mchoro, akatoa shilingi 20,000, akauliza misumari ya kofia tunauzaje kilo.