Reflekta Ikisema Simama

Nairobi hii, vaa reflekta, shika karatasi mkononi, simama katikati ya barabara ya Tom Mboya uinue mkono. Matatu, boda, mkokoteni, wote breki! Hakuna atakayeuliza nani alikuandika kazi. Swali hilo sisi hutujia jioni, tukimenya viazi.

Tusijichukie peke yetu. Huko Brooklyn, Marekani, mwanasaikolojia Leonard Bickman alivalisha mtu sare ya mlinzi, akasimamisha wapita njia: "Mpe yule jamaa senti kumi za maegesho." Wakatoa. Mwenye koti na tai hakutiiwa hivyo, wala aliyevaa kama muuza maziwa.

Lakini aliyetuanika kabisa ni mwanasaikolojia mwingine, Stanley Milgram, kwa jaribio lake Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1961. Mashine ilikuwa na swichi 30, volti 15 hadi 450, kila swichi ikiongeza volti 15 tu. Mtu anaambiwa ampige mwenzake shoti ya umeme kila mwenzake akikosea jibu, akipanda swichi moja kila mara. Shoti zilikuwa za uongo, ila mbonyezaji hakujua. Kati ya wanaume 40, 26 walifika mwisho, jasho likiwatiririka. Na amri yenyewe? Jamaa wa koti la kijivu, msimamizi wa jaribio, akisema, "Tafadhali endelea," na mtu akizidi kusita, "Huna hiari, lazima uendelee." Basi!

Ujanja wote uko kwenye zile volti 15 za kila hatua, na makanga wa matatu za Rongai anaujua bila kukanyaga Yale. Hawezi kusema, "Nyinyi watatu, kaeni wanne." Anasema, "Mathe, songa kidogo." Mathe anasonga. "Kijana, egemea dirisha." Unaegemea. "Hiyo mfuko pakata." Unapakata. Ukishtuka, goti la mtu liko mbavuni na jogoo wa mwingine anakukagua sikio. Ungekataa sasa, lakini utasema nini kuhusu inchi nne ulizokwisha kutoa?

Dawa ipo, Milgram aliipima pia. Koti la kijivu lilipotoka chumbani na kuamrisha kwa simu, waliofika mwisho walishuka hadi asilimia 20 hivi, na wengine wakadanganya kuwa wanapandisha volti kumbe wamegandia ya chini. Makanga akining'inia mlangoni akipayuka "Huko nyuma, songeni!", huko nyuma kote ni viziwi. Ndiyo maana huingia mpaka ndani, akuinamie, akupumulie miraa usoni.

Na ukipata wenzako wawili wanaokataa? Kwa Milgram waliofika mwisho walibaki 4 kati ya 40. Kwenye matatu shosho mmoja tu anatosha: "Mimi sisongi. Nirudishie nauli yangu." Gari zima linaota mdomo ghafla, hata wewe uliyekuwa umebanwa kama omena.

Halafu unashuka, unafika kwa jengo, soja anakusubiri na kitabu. Acha kitambulisho. Jina. Namba ya simu. Unaona nani. Saa ya kuingia. Kisha safu ya mwisho: namba ya gari. Umekuja kwa miguu, na kalamu imefungwa kwa kamba.

Hebu chungulia ukurasa huo siku moja. Watu wazima, wengine na digrii zao, wameandika pale: "Miguu."