Tano Bora kila wiki: inamjenga shabiki wa filamu au inamdumaza?

Filmspotting, podikasti ya filamu iliyoanza Chicago mwaka 2005 kwa jina la Cinecast, ina kipengele maarufu cha Tano Bora. Mada hutajwa, kisha kila mtangazaji hutaja filamu zake kuanzia namba tano hadi namba moja na kuzitetea. Podikasti nyingi za mashabiki hufuata mtindo huohuo, na lawama dhidi yake hazikosi msingi.

Lawama kubwa ni marudio. Kila mtu ana filamu chache anazozipenda kwa dhati, nazo hujipenyeza kwenye kila mada: leo kwa sababu ya muziki wake, wiki ijayo kwa sababu ya mwisho wake. Muda si mrefu msikilizaji anaijua namba moja kabla haijatajwa. Hata wahakiki hawajasalimika. Jarida la Sight and Sound la Uingereza limekuwa likiwapigisha kura ya filamu bora kila baada ya miaka kumi tangu 1952, na filamu ya Citizen Kane ilishika kilele kura tano mfululizo, kuanzia 1962 hadi 2002, ndipo Vertigo ikaing'oa mwaka 2012.

Filmspotting walijibu kwa kuzifungia filamu zinazotajwa mno: huingizwa kwenye kundi la heshima, na zikishaingia haziruhusiwi tena kwenye Tano Bora. Kanuni hii inawalazimisha watangazaji kuchimba zaidi, na naiunga mkono. Hasara yake humwangukia msikilizaji mgeni, ambaye anaweza kusikia orodha ya filamu za majambazi bila kusikia zile zilizoweka msingi wa aina hiyo. Sekunde thelathini za kuzitaja mwanzoni, bila kuzipa nafasi, zinatosha.

Mada finyu nayo husaidia. "Filamu bora za mapenzi" huzaa majina yaleyale. "Simu inayogeuza hadithi" humlazimisha mtu azungumzie tukio lenyewe, nani anapokea na kamera iko wapi. Ila ikibana mno, namba tano huwa ya kujazia. Ukishindwa kuorodhesha filamu kumi na tano za kuchuja, badilisha mada.

Kuhusu namba zenyewe, wapinzani wanaosema hazina maana wako sahihi nusu. Kwenye kura ya Sight and Sound mhakiki huchagua filamu kumi na kila moja huhesabiwa kura moja, haijalishi ameipanga wapi. Tofauti ya namba nne na tatu mara nyingi haina hoja nyuma yake. Namba moja ndiyo yenye uzito, kwa kuwa hapo mtangazaji anabanwa aseme kwa nini hii na si ile.

Tatizo ni kwamba huwa inafikiwa muda umeisha, kwa sababu namba tano imeliwa dakika sita watu wakiwa bado na moto. Kwa watangazaji wawili na nusu saa, gawa hivi kwa kila mmoja: dakika moja na nusu kwa namba tano, vivyo hivyo kwa namba nne, kisha dakika tatu kwa namba tatu, dakika nne kwa namba mbili na dakika tano kwa namba moja.

Orodha zitumwe mapema kwa mtayarishaji, watangazaji wasioneshane. Filamu ikigongana, mmoja akiwa nayo kwenye nne na mwenzake kwenye moja, wa kwanza aitaje tu na mjadala usubiri nafasi ya juu. Mtayarishaji asipoliona hilo mapema, namba moja ya mwenzake inafika ikiwa imeshamalizwa maneno.