Hii H imewakosea nini?

Jamani, tuulizane. Inaingia meseji: "Shemeji hatalipa kesho asubuhi, usiwe na wasiwasi." Mtu ataachaje kuwa na wasiwasi na shemeji hatalipa? Kumbe aliyeandika alikusudia "atalipa". Herufi moja tu, deni limezikwa.

Na dawa yake haigharimu hata senti. Neno ligeuze liwe lako mwenyewe. Ukisema "nitalipa", basi yeye "atalipa", h ikae mbali. Ukisema "sitalipa", yeye "hatalipa". Nina, ana, sina, hana. Penye si- kwako, ndipo h inapokaa kwake. Kwa kipimo hicho "hanakuja" inaanguka papo hapo, maana hakuna binadamu anayesema "sinakuja". Ni siji, basi yeye haji.

Sasa kasome ukutani: "Husikojoe apa." Yaani h imeng'olewa kwenye "hapa", ikapandikizwa kwenye "usikojoe"! Dukani "tunahuza maji baridi". Getini "nyumba hii aiuzwi", na tapeli akipita anaona nusu ya kazi keshafanyiwa.

L na r nazo ni balaa lake. Bwana harusi anaambiwa atafute mahari, anakwenda kutafuta "mahali", tena pa kukaa. Siku ya uchaguzi watu wanahimizana "kupiga kula", mwenye njaa anabeba na sahani. Hapa walau naelewa: lugha nyingi za nyumbani hazitenganishi l na r, na Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo ulimi ukiteleza kidole nacho kinafuata. Wa kuhurumiwa ni Mwingereza. Deni kwake ni debt, lina b asiyoitamka, iliyochomekwa na wasomi ili neno lifanane na Kilatini. Yeye akikosea, haya. Sisi je?

Halafu kuna mabingwa wa kucharanga maneno: "ana kuja", "nime fika", "tuta onana", utadhani wanalipwa kwa nafasi. Kiambishi cha mtu, cha wakati na mzizi ni neno moja, havitenganishwi. Lakini panapotakiwa nafasi yenyewe, hao hao wanabana kama abiria wa daladala: "kwasababu", "kwahiyo". Ni kwa sababu. Ni kwa hiyo.

Mrekebishe mmoja uone. Atakutazama juu mpaka chini, kisha akujibu: "Si umehelewa lakini?"