Ukuta wa Ramadhani ya masika

Kila nilipomuuliza bibi nyumba yetu ilijengwa lini, alinijibu kwa upepo. "Ilikuwa kaskazi, maembe yashaanza kuisha." Nikimbana anitajie mwaka, ananitazama kama niliyemuuliza mwezi una uzito gani. Nami nilikuwa na daftari, kalamu na haraka ya mtu aliyesoma. Nikaandika "hajui", nikafunua ukurasa mwingine.

Alijua. Kuuliza ndiko kulikonishinda, na nilipokuja kulitambua hilo bibi alikuwa keshatangulia mbele ya haki.

Nyumba yenyewe iko Ng'ambo, Unguja, nyuma ya Mwembetanga. Haina mlango wa nakshi wala roshani, na sijapata kuona mgeni akisimama mbele yake kupiga picha. Wageni huishia upande wa pili wa Darajani, kwenye majumba ya mawe na chokaa ya Mji Mkongwe, yale yaliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Siyaonei choyo. Ila sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha, kabla ya magharibi kila mtu alikuwa keshajua kuwa jumba lile lilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883. Ukuta wetu nao uliwahi kuanguka, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Ndipo watu wanapozoea kusema kwamba majumba yana historia na vibanda vya udongo vina hadithi tu. Mimi hilo silikubali, na makala hii nzima ni ubishi wangu.

Nianze na karatasi, maana ndiko nilikoanzia, na ndiko nilikokwama. Ng'ambo ya zamani mtu aliweza kuwa na nyumba bila ya kuwa na ardhi iliyo chini yake. Unasimamisha boriti zako, unakandika udongo wako, unaezeka makuti yako, kisha unamlipa mwenye uwanja kodi. Mara nyingine mwenye uwanja ni wakfu. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo, na mgomo ule umeingia vitabuni. Nyumba zao hazikuingia. Katika kasha la bibi nilikuta risiti tatu za kodi ya uwanja, mbili zimeliwa na mchwa, ya tatu wino umekwisha. Karatasi zilikuwa zinahesabu ardhi. Nyumba ilikuwa jambo la mwenyewe.

Baada ya hapo niliacha kuuliza "lini", nikaanza kumuuliza shangazi "mlikuwa mmekaa wapi?" Hapo mlango ukafunguka.

Kwanza niwaeleze nyumba ilivyolala. Uso wake uko mashariki. Baraza ya mbele hupigwa na jua asubuhi, lakini ikifika alasiri kivuli kimeshaifunika yote, na hiyo ndiyo saa ya wanaume kushuka na bao. Ukumbi unapita katikati hadi uani, vyumba viko kushoto na kulia. Upande mmoja ni kaskazini, ambako kwetu ndiko kibla. Upande wa pili ni kusini. Wengi hudhani nyumba hizi zilipangwa ovyo ovyo. Shangazi anasema nyumba ile ilikuwa na watu wanaohama bila ya kutoka mlangoni.

Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba, joto la chaka likiwafukuza vyumbani, familia nzima hulala ukumbini kwenye majamvi, milango ya mbele na nyuma wazi, upepo upite. Mchana wanawake wako uani chini ya mwembe, wanasuka ukili, wanashona vikofia, mmoja anamsuka mwenzake, redio ya jirani inawatosha wote. Watoto wa kike wanacheza mdako kwenye kishimo ambacho, kwa mujibu wa shangazi, kilikuwa pale pale tangu yeye mdogo hadi alipoolewa. Kishimo hicho nacho nimekiandika daftarini. Sioni kwa nini kisihesabiwe kuwa sehemu ya nyumba.

Mwezi wa Machi upepo unaanza kubabaika, maleleji, mara huku mara kule. Hapo ndipo paa hukaguliwa. Makuti yaliyooza yanaezuliwa na mapya yanaezekwa kabla masika hayajakolea, maana ukichelewa wiki mbili utaezeka chini ya mvua huku jirani wakikucheka. Kisha kusi inashika. Mvua ya masika haidondoki wima. Inakuja na kusi kwa ubavu na kuupiga ukuta wa kusini kama mtu mwenye kisa nao. Udongo unakunywa maji, unavimba, unalegea. Kwa hiyo kila masika chumba cha kusini kilihamwa. Vitanda, kasha na watoto vilihamishiwa chumba cha kaskazini, wakabanana humo hadi kipupwe. Halafu mvua zikikatika ukuta unakandikwa upya, majirani wanaitwa, sufuria la ubwabwa linapikwa, na kazi ya siku nzima inageuka kuwa karamu.

Sasa twende kwenye ukuta.

Shangazi alikuwa na picha moja tu kichwani, ya utotoni. Usiku wa Ramadhani, mvua inanyesha, wamekaa chumba cha kaskazini wakisubiri daku. Mama yake, yaani bibi yangu, yuko kitandani, yumo katika arubaini, anakunywa uji wa pilipili manga. Mara wakasikia kitu kama gunia la mchele limetupwa. Ukuta wa kusini umelala chini, wote, pamoja na dirisha lake. Hakuumia mtu, kwa kuwa humo chumbani hamkuwa na mtu, na hamkuwa na mtu kwa kuwa ilikuwa masika. Babu akashika taa, akatazama, akasema daku iletwe kwanza.

Tarehe yake ni ipi? Shangazi hana. Lakini tazama alichonipa: Ramadhani, ndani ya masika. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani inatembea kinyumenyume ndani ya misimu, na huchukua takriban miaka 33 kurudi ilikotoka. Katika karne iliyopita, ukiacha ile zamu ya miaka ya 1920 ambayo bibi hata hajaolewa, Ramadhani iliangukia Aprili na Mei kati ya 1954 na 1957, kisha tena kati ya 1987 na 1990. Babu hakuyaona Mapinduzi ya 1964, kwa hiyo zamu ya pili haiwezekani. Imebaki miaka minne.

Sikuamini nilipoliona hili kwenye daftari. Sentensi moja ya mtoto aliyekuwa akisubiri daku imefanya kazi ambayo karatasi za kasha zima hazikuifanya.

Miaka minne ikapungua kwa njia hiyo hiyo. Mtoto aliyemweka bibi katika arubaini ni ami yangu, na yuko hai, alhamdulillahi. Bibi alikuwa na kisa alichokipenda: kwamba alimbeba ami akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, wakaenda kusongamana njiani kumwangalia "yule mtoto wa mfalme wa Waingereza". Huyo ni Princess Margaret, dada yake Malkia Elizabeth, aliyezuru Zanzibar mwaka 1956, mvua za vuli zikikaribia. Na siku za uchaguzi wa kwanza, Julai 1957, ami alikuwa keshatembea. Inasemwa alipotea, akakutwa baraza ya tatu kutoka kwetu, amekaa katikati ya wazee wanaobishana. Ukuta ulianguka basi Ramadhani ya 1956, iliyoandama katikati ya Aprili, na ami alizaliwa Shaaban yake.

Cheti chake cha kuzaliwa kinasema tarehe 1 Januari 1958. Kiliandikwa ukubwani, mbele ya karani aliyetaka tarehe na hakuwa na nafasi ya kusikiliza habari za uji wa pilipili manga. Nilipompelekea ami hesabu yangu aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Kwa hiyo nimestaafu na miaka 62." Kisha akacheka mpaka akakohoa. Anasema miguu yake ilikuwa ikimwambia hivyo siku zote.

Kuna jambo moja kuhusu mwaka ule wa uchaguzi ambalo sitaki kulipita, ingawa shangazi alilisema kwa sauti ya chini. Babu alikuwa na mwenzake wa bao, wamecheza pamoja tangu ujana. Zama za siasa zilipoingia, bwana yule akahamia baraza nyingine. Hawakugombana. Alasiri moja hakuja, ya pili hakuja. Bao likabaki limeegemezwa ukutani, na babu akawa anacheza na watoto, akiwaachia washinde. Anayelijua bao anajua kuna shimo linaloitwa nyumba, linaanza na kete sita, na mchezaji zamu yake ikiishia humo anaweza kuiacha ilale au akaisafirisha, kete zote zikatawanyika ubaoni. Babu, anasema shangazi, tangu hapo hakuisafirisha nyumba tena. Pengine ni shangazi anayeongeza chumvi. Mimi nimeiandika hivyo hivyo.

Baada ya Mapinduzi mambo yalikwenda mbio, nami nitakwenda mbio pia. Mitaa jirani ilibomolewa kupisha majumba marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Yetu ikapona kwa hatua chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja televisheni ya rangi, bara hawana hata ya rangi moja, na jioni baraza zikawa tupu, watu wamekwenda kutazama kwa pamoja. Udongo ukageuka matofali, chumba kwa chumba, kadiri fedha ilivyopatikana. Na makuti yakageuka bati.

Bati watu hulisifu, na wana haki, halivuji na halitaki kuezekwa kila baada ya miaka michache. Lakini mimi nina kesi nalo. Chini ya makuti mvua husikika kwa mbali, kama inanyesha kwa jirani, na masika ndiyo yaliyokuwa majira ya ngano: huwezi kutoka, taa ni moja, bibi yupo. Chini ya bati, mvua ikija, mtu aliye ubavuni mwako hasikii unachosema. Unanyamaza mpaka ipite. Nimekulia chini ya bati, na sikumbuki hata ngano moja niliyosimuliwa masika. Nilizozisikia zote ni za kipupwe. Sasa tumeweka dari ya jasi, kelele zimepungua, lakini bibi hayupo na kila mtu ana simu yake.

Wiki kadhaa zilizopita familia ilikutana kuamua mambo mawili: kuitoa baraza ili pawekwe duka la kutuma na kupokea pesa, na kuziba madirisha ya kaskazini ili kiyoyozi kisipoteze baridi. La baraza nilipinga hadi nikakauka koo, na nikashindwa kwa kura. Wajukuu wanahitaji ada za skuli, na baraza hailipi ada. La madirisha sikuwa na uso wa kulipinga, kwa kuwa chumbani kwangu nilikozibia mwenyewe mwaka jana nalala vizuri mno. Humo ndani Januari na Julai ni mamoja. Mjukuu wangu, Mungu akinipa mmoja, akiniuliza ilikuwa lini, itabidi nimtajie mwaka tu, maana sitakuwa na upepo wa kumtajia.

Kwa hiyo kwa sasa nafanya linalowezekana. Nawakalisha wazee waliobaki, alasiri, kwenye baraza hiyo hiyo kabla haijavunjwa, na sitoi kalamu mpaka kahawa ya pili. Siulizi mwaka. Nauliza mlikuwa mnakula nini, mlikuwa mmelala chumba gani, vikuta vya uani vilikuwa vibichi au vimekauka, ngalawa zilikuwa pwani au zimekwenda. Ndugu yangu mmoja anasema napoteza wakati, historia ya nyumba ni hati. Nikamwomba hati. Hana.

Ramadhani ya 2021 ilirudi karibu siku ile ile, katikati ya Aprili, na mvua zikaja. Ukuta wa kusini ni wa matofali sasa, umepigwa plasta na rangi ya kijani, ulitoa doa la unyevu tu, kubwa kama sinia. Lakini mwaka ule, kama kila mwaka, siku ya kwanza ya masika ami aliwaita vijana wamhamishie kitanda chumba cha kaskazini. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na ukuta hauwezi tena kuanguka.

"Ukuta gani?" akasema. "Kule kusini kuna mbu."