Pesa ziko Ulaya, majaribio yako Buguruni

Mtu wa nyumbani akiuliza kwa nini zana za kutengenezea gemu ndani ya kivinjari zinatoka huku ughaibuni, wabeba boksi wenzangu humjibu yaleyale: huku intaneti ina kasi, umeme haukatiki, wataalamu wamejaa. Mimi sikubali. Kihariri cha gemu ni JavaScript, lugha ya programu za kivinjari, na JavaScript inaandikika kwenye laptopu ya mtumba kutoka Kariakoo. Kinachotutofautisha ni namna pesa ndogondogo inavyomfikia mwandika programu.

Chukua mchango wa dola 1. Kwa viwango vya kawaida vya kadi Marekani, Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni, inakata asilimia 2.9 na senti 30 juu yake, hivyo dola hiyo inafika ikiwa senti 67. Wazoefu huomba kuanzia dola 5, ambapo makato ni kama senti 45. Aliyeko Leipzig, Ujerumani, anafungua akaunti ya kupokea kwa kitambulisho na namba ya benki. Aliyeko Dodoma hana mlango huo: Stripe haifungui akaunti za biashara za Tanzania, na Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, haina hata nchi moja ya Afrika Mashariki katika orodha ya wanaoruhusiwa kuanzisha kampeni. Njia ya panya ni kusajili kampuni katika jimbo la Delaware, Marekani, kupitia Stripe Atlas, huduma yao ya usajili: dola 500 za kuanzia, na kama ni LLC (kampuni ya dhima yenye kikomo), dola 300 za kodi ya jimbo kila mwaka, uwe umeuza au hujauza.

Mfano wa Godot, injini ya kutengenezea gemu, unanipa nguvu ya kusema hivi. Injini hiyo ilizaliwa Argentina, msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2014. Mwaka 2015 ilijiunga na Software Freedom Conservancy, shirika la Marekani linalolea miradi ya aina hiyo, ili ipate mahali pa kupokelea michango, na mwaka uliofuata Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, wakaipa dola 20,000 za kuboresha upande wa kivinjari. Leo taasisi yake imesajiliwa Uholanzi. Kwa hiyo msimbo unaweza kuanzia popote, lakini akaunti ya benki ilibidi ihame.

Kwa mradi mdogo wa msimbo huria, msianze na kampuni. Open Source Collective hupokea michango kwa niaba ya mradi, inakata asilimia 10, nanyi mnalipwa kwa kuwasilisha ankara, na kila mtu anaona kiasi kilicholipwa. Na tafadhali msimwombe shemeji aliyeko Ujerumani apokee kwenye akaunti yake binafsi. Mamlaka ya kodi ya huko itaona ni kipato chake, na ugomvi utaingia ndani ya ukoo.

Ufadhili mkubwa zaidi upo, na hapa ndipo nawalaumu wengi wetu kwa kutosoma masharti. Prototype Fund ya Ujerumani inamtaka mwombaji awe anaishi Ujerumani. Kwa miaka mingi ilitoa hadi euro 47,500 kwa miezi 6. Wagawane wawili, ni kama euro 3,958 kwa mwezi kabla ya kodi, na aliyejiajiri anajilipia bima ya afya na matunzo yote peke yake, karibu asilimia 20. Hapo Berlin hakuna anasa. NLnet, taasisi ya ufadhili ya Uholanzi, ni habari nyingine: maombi ya kwanza huwa kati ya euro 5,000 na 50,000, dirisha hufunguliwa kila baada ya miezi miwili, na aliye nje ya Ulaya anaweza kuomba akionyesha kazi yake inaigusa Ulaya. Euro 12,000 kwa watu wawili Morogoro ni euro 500 kwa mwezi kila mmoja, mwaka mzima. Huo ni muda wa kukosea na kurudia.

Ila NLnet hulipa kazi ikishakamilika. Mwenye kuandika “injini kamili: euro 12,000” atashinda njaa hadi mwisho. Vunja vipande: kuhifadhi mradi bila mtandao, euro 2,000, kihariri cha ramani kwa kidole, 3,500, kurudisha hatua nyuma, 1,500, na kuendelea, kila kipande kiwe na kitu ambacho mkaguzi atakifungua na kukiona.

Sasa upande ambao nyumbani mnatuzidi. Huku tunajaribia kwenye simu zenye nguvu, kisha tunashangaa chombo kikifia Buguruni. Picha moja ya PNG ya pikseli 2048 kwa 2048 inaweza kuwa KB 300 kwenye faili. Ikiingia kwenye kumbukumbu ya michoro inafumuka: 2048 × 2048 × baiti 4, yaani MB 16. Sita ni MB 96. Kwenye simu ya RAM GB 2 ambayo Android na WhatsApp zimeshajinafasi, mfumo unakizima kivinjari kimyakimya. Mtumiaji anaona ukurasa unapakia upya na kazi ya saa nzima haipo. Basi punguza karatasi za picha ziwe pikseli 1024 kwa 1024, na hifadhi kila badiliko papo hapo kwenye IndexedDB, hifadhidata iliyomo ndani ya kivinjari. localStorage, hifadhi nyingine rahisi ya kivinjari, inagota kwenye MB 5 hivi, na hukwamisha ukurasa ikiandika.

Kisha mtu anatoka kujibu meseji, akirudi anakuta kioo cheusi. Hiyo ni WebGL, sehemu ya kivinjari inayochora kwa chipu ya michoro, imenyang'anywa chipu hiyo. Lazima usikilize tukio la webglcontextlost, taarifa ya kivinjari kwamba imenyang'anywa, na uite amri ya preventDefault, la sivyo haitarudi. Ikirudi, unapakia picha zote upya. Na mwendo uhesabu kwa sekunde: mpira unaosogea pikseli 4 kwa kila fremu unakwenda 240 kwa sekunde kwenye kioo cha 60 Hz (kinachochora upya mara 60 kwa sekunde) na 360 kwenye cha 90 Hz, na siku hizi hata simu za bei poa zina 90.

Bei nayo. Huku mtu anakatwa kwenye kadi kila mwezi na anasahau. Nyumbani uza kihariri kama bando: siku, wiki, mwezi, kwa pesa ya simu. Shida ni kwamba uthibitisho wa malipo unaweza kuchelewa au kuja mara mbili, kwa hiyo namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, na pawe na kitufe cha “Nimeshalipa” kinachouliza hali upya. Anayelipa shilingi 500 saa mbili usiku na uthibitisho ukafika saa tano, asifungiwe saa sita kwa kuwa tarehe imebadilika. Saa zake 24 zianzie uthibitisho ulipoingia.