Giaboksi Kuingia Si Giaboksi Kufaa

Karibu kila mwenye Toyota Mark II ya zamani anayetaka kutoka otomatiki kwenda manyuo huanza na swali moja kwa fundi: "Itaingia?" Nami nilianza na hilohilo. Fundi akatazama, akapima, akasema itaingia, na kweli ikaingia. Boliti zote zilikaa, klachi ikakanyagika laini, gia zikapanda bila kukwaruza. Siku ya tatu nikashika njia ya Dodoma. Sijafika hata Chalinze, nikajua kuna swali la pili ambalo hakuna kati yetu aliyeliuliza.

Gari langu ni silinda sita, lita mbili, injini ya 1G. Lilipokuwa otomatiki, nikienda kilomita 100 kwa saa mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ulitulia karibu na 2,500. Sasa, kwa mwendo uleule nikiwa gia ya tano, ukasimama juu ya 3,000. Mkono ukawa unarudi kwenye gia kutafuta ya sita ambayo haipo. Injini inalia muda wote, wese linakwenda, na aliyekaa nyuma lazima apaze sauti ndipo asikike. Mjini nako, gia namba moja inaisha kabla sijamaliza kuvuka makutano.

Fundi hakukosea kufunga. Kilichokosewa ni ndoa. Kwenye gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, giaboksi haifanyi kazi peke yake. Mzunguko ukitoka pale unapita kwenye propela, ile shafti ndefu chini ya gari, hadi kwenye difu, gia zilizo katikati ya matairi ya nyuma, na difu inaupunguza tena. Uwiano ni mizunguko mingapi inaingia ili mmoja utoke, na kinacholifikia tairi ni uwiano wa gia mara uwiano wa difu. Ukibadilisha kimoja bila kukiangalia kingine, umebadilisha gari zima, na hujui umelipeleka wapi.

Niliporudi niliamua kuihesabu difu yangu mwenyewe, na naona kila mwenye gari la namna hii afanye hivyo kabla hajatoa hata shilingi. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, giaboksi nyutro, hendibreki chini. Piga jeki tairi moja tu la nyuma na uweke stendi, lile lingine libaki limekanyaga chini. Chora mstari wa chaki kwenye tairi lililo hewani na mwingine kwenye propela. Kijana mmoja alizungusha tairi polepole mizunguko miwili kamili, mimi nikiutazama mstari wa kwenye propela. Kwa nini miwili? Kwa sababu tairi la pili limesimama, na difu ya kawaida hulizungusha lililo huru mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni, ile gia kubwa ndani ya difu. Kwa hiyo mizunguko miwili ya tairi ni mmoja wa krauni. Propela yangu ilizunguka mara nne, kisha mstari ukapita juu tena kama theluthi hivi. Meno 43 ya krauni kwa meno 10 ya pinyoni, gia ndogo inayozungushwa na propela. Difu ya 4.3.

Ukishajua hiyo, hesabu ni ya darasa la saba. Matairi yangu ni 195/65 R15, ambayo mzingo wake unakaribia sana mita mbili. Kwa kilomita 100 kwa saa, tairi linazunguka kama mara 836 kwa dakika. Giaboksi niliyofungiwa ni W55, ambayo Toyota iliitumia kwenye injini ndogo: gia ya kwanza 3.566, ya tano 0.85. Zidisha 0.85 kwa 4.3, kisha mara 836, unapata mizunguko 3,050 na ushee. Ndiyo ile niliyoiona barabarani. Dakika tano za kalamu na karatasi zingeniambia hayo kabla ya kununua kitu chochote.

Dawa zipo mbili, na kilichonishangaza ni jinsi zinavyokaribiana. Ya kwanza: bakiza W55, badilisha difu uweke ya 3.909, yenye meno 43 kwa 11. Gia ya kwanza ukiizidisha na difu unapata 13.9 (namba hii ikiwa kubwa, gari linaondoka na kupanda kwa nguvu zaidi), na ya tano inashuka hadi mizunguko 2,780 kwa kilomita 100. Ya pili: bakiza difu ya 4.3, weka giaboksi ya W58, ambayo gia ya kwanza ni 3.285 na ya tano 0.783. Unapata 14.1 mwanzoni na mizunguko 2,815 barabarani. Gari ni lilelile kabisa. Kwa hiyo anayekwambia "W58 ndiyo bora" au "difu ya 3.9 ndiyo bora" bila kukuuliza upande wa pili una nini, hajakwambia kitu.

Hatari iko kwa anayefanya yote mawili. Rafiki yangu, mwenye Mark II kama yangu na injini ileile, aliuziwa W58 pamoja na difu ya 3.727 kwa maneno kwamba hiyo ndiyo "difu ya mwendo". Barabarani tambarare anasafiri kwenye mizunguko 2,440, kimya, raha. Lakini gia yake ya kwanza mara difu ni 12.2 tu, wakati mimi na ule mchanganyiko wangu wa makelele nilikuwa na 15.3. Tukapanda mlima Kitonga siku moja, magari mawili, familia na mizigo, mbele yetu lori limebeba mzigo linatambaa. Injini ikiwa imeshuka hadi mizunguko 800 kwenye gia ya kwanza, gari langu linakwenda kilomita 6 na kidogo kwa saa. Lake, karibu 8. Lori lilikuwa chini ya hapo. Mimi niliweza kuachia klachi na kulifuata kwa kugusagusa tu. Yeye alipanda na mguu nusu juu ya klachi kona baada ya kona, na tulipotulia juu, harufu ya klachi iliyoungua ilitufikia kabla hajafungua mlango.

Wengi hapo huuliza: mbona ilipokuwa otomatiki ilipanda? Ilipanda kwa sababu ya konveta. Ile boga ya mafuta kati ya injini na giaboksi haiunganishi tu. Gari linapoanza kuondoka, konveta inaizidisha nguvu ya kuzungusha, kwenye magari mengi hadi karibu mara mbili. Ndiyo maana otomatiki ya Toyota kama A340 inaridhika na gia ya kwanza ya 2.804. Ukiing'oa, unang'oa na msaada huo, na klachi haina cha kuongeza. Lazima meno ya gia na difu yaubebe mzigo huo yenyewe. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila fundi wa kubadilisha giaboksi alielewe kuliko jingine lolote.

Toyota wenyewe hawakubahatisha. Chukua Supra ya miaka ya 1990 iliyouzwa Marekani. Yenye injini isiyo na tabo (turbo), ya otomatiki ilipewa difu ya 4.27 na ya manyuo 4.08. Ya tabo, otomatiki ilipata 3.77, na ile ya gia sita ikapata 3.13. Gari moja, injini moja, difu tofauti kwa sababu giaboksi ni tofauti. Gia sita ile ina gia ya kwanza ya 3.827, fupi mno, yaani inaisha upesi. Ukiifunga kwenye Supra iliyotoka otomatiki ukaiacha difu ya 3.77, unapata 14.4 mahali ambapo kiwanda kilitaka 12. Kwa injini yenye nguvu zile, gia ya kwanza inakuwa ya kuvukia mtaro tu.

Kwa wenye Corolla, Carina na wenzake wa kuvuta mbele, jambo ni jepesi zaidi, maana difu imo ndani ya giaboksi na vinakuja pamoja. Hakikisha tu giaboksi imetoka kwenye injini kama yako.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ukienda Ilala au kwingine kutafuta giaboksi ya mtumba, usiulize giaboksi peke yake. Uliza imetoka gari gani, na kichwa cha difu cha gari hilo, kile chenye krauni na pinyoni, kiko wapi. Kama mwili bado upo, tafuta kile kibati cha kiwanda chini ya boneti, penye maneno TRANS/AXLE. Hapo pameandikwa namba ya giaboksi na ya difu iliyozaliwa nayo. Muuzaji akikuharakisha, ondoka. Najua bei ya vitu viwili inaumiza kuliko ya kimoja, lakini mimi nimelipa ufundi mara mbili, na mara ya pili haikuwa rahisi.

Nilichagua difu ya 3.909. Nilipoenda nayo Morogoro, gari lilikuwa limerudi kuwa gari, lile la kusafiri huku mnazungumza. Kuna jambo moja tu ambalo lilitaka kunifikisha pabaya. Spidomita yangu inahesabu mzunguko unaotoka kwenye giaboksi, haijui kwamba difu imebadilika. Ikisoma 80, mimi niko 88. Ikisoma 50 kwenye kijiji, niko 55, na trafiki mwenye tochi hataki kusikia habari za meno ya krauni. Kile kigia kidogo cha plastiki kinachoiendesha spidomita kina idadi yake ya meno, nacho lazima kibadilishwe. Mpaka hapo naendesha kwa hesabu ya kichwani, 45 kwa 50.

Kichwa changu cha zamani cha 4.3 kilibaki kimefungwa gunia kwenye kona ya gereji. Wiki iliyopita rafiki yangu wa Kitonga alikuja. Tulikitoa, tukakiweka kwenye mbao, tukahesabu meno pamoja kwa chaki, 43 na 10. Tukalinganisha matundu ya boliti, flanchi ya propela na meno ya ekseli na vya kwake. Vyote sawa. Kwa W58 yake anatoka 12.2 anakwenda 14.1, na barabarani atakuwa kwenye 2,800. Klachi mpya ameshainunua, na Jumamosi tunafunga.